Chungu cha Viwavi Nilichokirudisha

Msanzi, Kalambo
Jumapili asubuhi

Dada yangu Kabula,

Mwangaluka, na shikamoo mara mbili: moja ni yangu, nyingine ni ya wifi yako Limi, ambaye amekaa hapa mlangoni anachambua maharage na kunihimiza niandike herufi kubwa kwa ajili ya macho yako. Habari za hapo Maswa? Mguu uliokuwa unavimba umetulia, au bado unaukanda kwa maji ya chumvi na kumwambia kila anayekuuliza kwamba ni baridi tu? Mtama umebeba? Nilisikia kwa dereva mmoja wa lori kwamba mvua ziliwakatikia katikati, nikakosa raha, kwa sababu wewe ukipata gunia moja unagawa nusu.

Sisi tu wazima. Baridi ya Ufipa imeingia, na upepo unaoshuka milimani haukuti mti wa kuuzuia. Nimeishi huku zaidi ya nusu ya umri wangu, na bado nikitoka nje alfajiri jicho linatafuta migunga ya kwetu, linakuta nyasi, na baada ya nyasi, nyasi nyingine. Ng'ombe ni wachache sasa na wananitosha. Usomaji sijauacha. Magazeti yanafika hapa yakiwa yamezeeka, ila habari mbaya hazichachi haraka.

Uliponiuliza kwenye simu mambo ya mwanangu Shija, sauti ikakatika, ukawa unasema "haloo, haloo" kama mtu anayeita mbuzi. Ndiyo maana naandika. Habari ni njema, dada. Naanza na hilo ili usisome ukiwa umeshika kifua. Lakini zilikaribia kuwa mbaya kabisa, na aliyekaribia kuziharibu ni mimi, tena kwa adabu.

Unajua posa mbili za mwanzo zilivyoishia. Ya kwanza ilikuwa Pito, karibu na mjini Sumbawanga. Baba wa msichana alitupokea vizuri, akatupa viti, kisha akasema: "Wazee wangu, ninyi sina neno nanyi. Ila watu wa ng'ombe leo wako hapa, nyasi zikiisha wako Katavi, huko nako zikiisha wanasikika Morogoro. Mimi binti yangu nataka nikimwita jioni asubuhi awe amefika." Ya pili ilikuwa hapa hapa Msanzi, na huyo mama wala hakutoa sababu, alinyamaza tu mpaka tukaelewa. Baada ya hapo Shija akavuka mpaka, akaenda Mbala upande wa Zambia, akafungua karakana ya kuchomelea mageti. Akawa anapika mwenyewe, anafua mwenyewe, na kila akija kututembelea naona mvi zimeongezeka kidevuni.  Wifi yako alikuwa anamfungia maziwa mgando kwenye galoni na kumsindikiza mpaka barabarani, basi.

Kisha mwaka huu akatuambia kuna mtu. Anaitwa Esta, Mmambwe wa kijiji kimoja nje ya Mbala, mwanamke mtu mzima mwenye akili zake, fundi cherehani. Barua ya posa ilikwenda, ikajibiwa. Kikabaki kitu kimoja ambacho sisi hatukijui.

Huko, kabla ya ndoa, wanawake wa upande wa msichana hupika vyakula vyote vya kwao. Huvifunga vyungu kwa vitenge, huvibeba kichwani wakiimba, na kuvipeleka nyumbani kwa mwanamume. Wanaita chilanga mulilo, yaani kuuonyesha moto: mkwe, huu ndio moto utakaokuwa unapikiwa. Wazee wa mwanamume lazima wawepo, na lazima waonje kila chungu. Ukiangalia kwa mbali utadhani ni karamu. Kumbe ni swali, na jibu lake hutolewa kwa mdomo unaotafuna.

Wifi yako magoti hayakumruhusu kusafiri. Nikaenda na jirani yangu Osward, yule Mfipa aliyetuonyesha mahali pa kuchimba kisima tulipohamia. Kimambwe na Kifipa ni watoto wa mama mmoja, kwa hiyo yeye angekuwa ulimi wangu. Na ni mtani wangu, kama Wafipa wote walivyo watani zetu, hivyo safari haikuwa kimya. Tulipanda Noah mpaka Matai, na tulipokuwa tunasubiri gari la kwenda mpakani nikamwambia, "Mtani, wewe Mfipa nauli ya nini? Si ungepanda ungo wako tukutane Mbala?"

"Ungo wangu ni wa mtu mmoja," akasema. "Msukuma akipanda atataka na ng'ombe wake apande."

Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi alicheka hadi akatuongezea mbili.

Akaendelea barabarani: "Na unajua watakupa nini huko? Watakupa wadudu."

"Wadudu gani?"

"Viwavi. Wenyewe wanawaita ifinkubala. Wanawatoa msituni mvua zikianza, wanawakamua utumbo, wanawachemsha na chumvi, wanawaanika. Kidole chote hiki," na akanionyesha kidole chake cha kati, ambacho unge­weza kukitumia kuswagia ng'ombe.

Nikasema mimi ni mtu niliyesoma, najua kwamba kusini yote, mpaka huko Zimbabwe na Botswana, watu wanakula viwavi na wana afya kutushinda. Ndivyo nilivyosema. Lakini nilitazama dirishani muda mrefu.

Tulifika Mbala mchana. Ni mji mdogo wenye mitaa mipana, na hewa yake ni hii hii yetu, kwa sababu uwanda wa juu hauulizi mpaka uko wapi. Shija alikuwa amepiga deki, amenyoa, amevaa shati jeupe ambalo kola yake ilikuwa inamkaba. Alitupigia shikamoo mara mbili kila mmoja kwa kusahau. Mama mwenye nyumba alikuwa ametandika mikeka uani, akatukalisha sisi wazee kwenye viti chini ya ukuta.

Kwanza tukasikia wimbo. Kisha wakaingia getini wakiwa msururu, vyungu vichwani, kila chungu kimefungwa kitenge cha rangi yake, na mbele yao shangazi wa Esta, mwanamke mrefu wa umri wangu, mikono mitupu, akitembea kama mtu anayeongoza kitu kizito. Mama yake Esta alikuwa katikati. Esta mwenyewe hakuwepo. Kwa desturi hubaki kwao. Walipiga magoti, wakavitua, vyungu vikajaa mkekani.

Shangazi akaanza kufungua kimoja kimoja na kukieleza, na Osward akawa ananitafsiria sikioni. Ugali wa ulezi mweusi kama udongo wa mbuga, ule ule wa Ufipa. Kuku mzima, na maelezo marefu ya nani anakula kipande gani. Majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga za kutwanga. Uyoga wa msituni. Dagaa. Kibuyu cha pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija na maji ya moto. Halafu kitu kama mkate wa kahawia uliokatwa vipande, nikauliza ni nini.

"Chikanda," akasema shangazi.

Dada, nilicheka peke yangu. Kwa miaka mingi nimewaona watu katika milima ya huku wakichimba viazi vidogo vya maua ya porini, wanajaza magunia, malori yanakuja kuyabeba kuelekea Zambia. Siku zote nilidhani ni dawa. Kumbe wanavitwanga na karanga na pilipili, wanavipika, ndio huo mkate. Nimeishi juu ya chakula cha watu bila kujua.

Chungu cha mwisho kilikuwa kidogo kuliko vyote, na shangazi hakukifungua yeye. Alimwita mama yake Esta. Mama ni mfupi, mweusi, mikono yake imekomaa kama ya mtu wa jembe. Akakifungua polepole. Walikuwa ndani, wamekaangwa kwa nyanya na kitunguu, weusi, wamejikunja, miiba midogo mgongoni.

Osward akanong'ona: "Anasema hawa amewaokota mwenyewe, kwa mikono yake, msituni mbali. Aliwakausha akawaweka tangu siku Shija alipojitokeza mara ya kwanza. Hakuna aliyewagusa. Ndicho chungu cha kuanzia, na wewe ndiye wa kuanza."

Mama akakisogeza mbele yangu kwa mikono miwili, uso ameuinamisha.

Sasa, dada, wewe unajua tulivyolelewa. Kwetu mwenye chakula huonja kwanza. Baba hakuwahi kumpa mgeni kibuyu cha pombe bila kunywa funda la kwanza mbele yake, ili mgeni ajue kwamba hakuna kitu kimewekwa. Na mgeni anayelamba chakula cha watu kabla ya mwenyewe kuonja tulikuwa tunamwita fisi. Nami nikataka kuonyesha kwamba Shija ametoka kwa watu wenye adabu. Nikakishika kile chungu kwa mikono yangu miwili, nikakirudisha mpaka magotini pake, nikasema kwa heshima yote niliyonayo:

"Onja kwanza, mama."

Wimbo ulikatika. Haukuisha, ulikatika, kama uzi. Mama alitazama chungu, akanitazama mimi, mara moja tu, kisha akachukua kitenge chake akaanza kukifunga tena. Nyuma yake wale wanawake nao wakaanza kufunga vyungu vyao, kimoja baada ya kingine, bila kelele.

"Mtani, umefanya nini?" Osward akasema, na safari hii hakunong'ona.

"Nimefanya nini? Nimemkaribisha aonje."

"Hapa chungu kikirudishwa, msichana amerudishwa."

Nilimtazama Shija. Alikuwa amesimama mlangoni na trei ya bilauri za maji. Aligeuka kuirudisha ndani. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba aligeuka kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Shangazi alisimama mbele yetu, mikono kiunoni. Alichosema, Osward alikitafsiri chote, hakuacha hata chembe, na nadhani alifurahia kidogo.

"Anauliza, mzee ametoka wapi?"

"Mwambie Sumbawanga, upande wa Msanzi."

"Anasema: Sumbawanga! Huko ambako mtu akigombana na jirani anapigwa radi jua likiwaka? Ametoka huko, halafu anaogopa kulogwa na sisi?"

Nikamwambia Osward aeleze desturi yetu. Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mikono, akaigiza mtu anakunywa, akaigiza fisi. Mwanamke mmoja kijana alitaka kucheka akajizuia. Lakini shangazi akatikisa kichwa.

"Anasema amesikia. Anasema hata kama ni kweli, mama wa msichana hawezi kufungua mdomo wake akala mbele ya mkwe. Ni aibu kubwa, ni kama kuvua nguo. Wewe unataka aonje, yeye hawezi kuonja, na chungu kimekwisha kurudi. Anasema labda ni Mungu amewaonyesha mapema."

Mama alikuwa amekwisha kukiweka chungu kichwani. Alikuwa anaelekea getini, na wenzake wanajipanga nyuma yake.

Kilichotokea baadaye sikukipanga. Osward alinyanyuka kwenye kiti akapiga kelele, "Mayo! Mama! Subiri!" akamkimbilia, na mzee yule kukimbia ni jambo la kutazamwa. Akasimama mbele yake, akaanza kuniponda kwa Kimambwe na kwa Kiswahili kwa pamoja, ili pande zote zisikie.

"Huyu ni Msukuma! Mnamjua Msukuma? Ukimpa kiti anauliza ng'ombe atakaa wapi! Huyu kwao wanakula matembele yaliyokaushwa mpaka yakawa vumbi, halafu eti kiwavi ana shaka naye! Mimi ni mtani wake. Mimi si wa kwenu na si wa kwake. Nikifa, yeye ndiye atanibebea jeneza, na akifa, mimi ndiye nitakayeruka juu ya kaburi lake nikidai kuku. Kwao lazima mtu aonje? Haya, nitaonja mimi. Na sumu iniue, ili abaki hana wa kumtafsiria!"

Akaingiza mkono kwenye kitenge, chungu kikiwa bado kichwani kwa mama wa watu, akachomoa kiwavi, akakitia mdomoni. Ua mzima ulimtazama akitafuna. Akatafuna, akafumba macho. Akaingiza mkono tena.

Hapo yule mwanamke kijana alishindwa, akacheka. Na mwingine. Lakini mama hakucheka wala hakukishusha chungu, na nikaelewa kwamba Osward amelipa deni la desturi yangu mimi. La kwake mama bado. Mikono iliyokirudisha kile chungu ilikuwa yangu.

Nikainuka. Nilivuka ule ua, fimbo nimeiacha kwenye kiti, na ulionekana mrefu. Nilipofika mbele yake sikujua niseme nini kwa lugha yake, nikamwambia kwa Kiswahili, "Niruhusu nikutue, mama." Unajua kwetu mwanaume mzee hamtui mwanamke mzigo. Nadhani hata kwao. Nikanyoosha mikono juu ya kichwa chake, nikakishika chungu pande zote mbili, kilikuwa bado cha moto, nikakishusha. Na kwa kuwa magoti yangu hayajui kupiga goti na kuinuka tena, nilikaa pale pale chini getini, kwenye vumbi, na suruali yangu ya kanisani. Nikaanza kula.

Wewe utataka kujua ladha, kwa hiyo nakwambia ilivyo. Cha kwanza nilikitafuna kama mtu anayekanyaga barafu, kwa kuogopa kitakachotoka ndani. Hakitoki kitu. Ni kikavu nje na kizito ndani, kina moshi, kina chumvi, na baada ya moshi linakuja jani, ladha ya jani kavu chungu kidogo, nami nikajua nimewahi kukutana nalo. Ni nsansa, dada. Ni yale majani ya kunde aliyokuwa anayaanika mama juu ya paa, akayapika kwa karanga. Kiwavi amekula majani ya msitu mzima akayahifadhi tumboni, na mimi nikayakuta humo. Cha pili nilikila kwa kutaka. Cha tatu nilikila haraka kwa sababu Osward alikuwa amekaa karibu.

Nilipoinua macho, mama alikuwa amepiga magoti mbele yangu, uso ameuinamisha kama mwanzo, ila mabega yalikuwa yanatikisika. Nikaogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka. Shangazi akapiga kigelegele, na vyungu vikaanza kufunguliwa upya, pale pale getini, tukala tukiwa tumekaa vumbini wakati mikeka na viti vipo uani. Shija alikuja na zile bilauri, akanimwagia nusu ya maji mikononi na nusu miguuni.

Nilidhani imekwisha. Lakini tulipokuwa kwenye mrija wa pombe, shangazi akasema mama ana neno moja, na kwa kuwa hawezi kusema na mkwe uso kwa uso, atalisema yeye.

Osward akatafsiri polepole: "Anasema chakula mmekula, na yeye ameridhika. Lakini watu wa ng'ombe huhama. Anasema hajakataa, anauliza tu. Binti yangu akizaa, nanyi mkasikia kuna nyasi mahali, mkaondoka, mimi nitamfuata kwa miguu gani?"

Ni maneno yale yale ya Pito, dada. Safari hii yalisemwa na mtu aliyenipa nafasi ya kuyajibu. Ningeweza kuapa. Ningeweza kusema Shija siku hizi ni fundi, hana ng'ombe, anachomelea mageti. Lakini nilimtazama yule mama na ile mikono yake, nikajua kwamba ahadi za aina hiyo alikwisha kuzisikia kwa watu wengi. Nikasema kitu ambacho sikuwa nimekisema hata kwa Limi.

"Mwambie nitazikwa Msanzi."

Osward aliutoa mrija mdomoni. "Mtani, hilo nalitafsiri?"

"Litafsiri."

"Kwa sababu nikilitafsiri halirudi."

"Osward, litafsiri."

Akalitafsiri. Mama aliinua uso akaniangalia, mara ya pili siku hiyo, na safari hii hakuharakisha kuuinamisha. Hakuuliza tena. Kila mtu anajua kwamba watoto hawaendi mbali na mahali baba alipolala. Shangazi alichukua vyungu vitupu, Shija akaweka ndani yake vitenge tulivyonunua, wakaondoka wakiimba, na wimbo huo tuliusikia mpaka walipopita sokoni. Harusi ni baada ya mavuno.

Kwenye gari la kurudi, tulipovuka mpaka na kuanza kupanda kuelekea Matai, Osward alisinzia mdomo wazi. Mimi nilikuwa macho. Jua lilikuwa linashuka juu ya nyasi, na akina mama walikuwa bado wako mashambani, wanazifukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo kama wanavyofanya watu wa huku, ili zioze na kuwa mbolea ya mwaka unaofuata. Nilitegemea nitasikia uchungu kwa yale niliyoyasema. Niliusubiri njia nzima. Haukuja. Nilichosikia ni kama pale unapovua viatu vinavyobana na kugundua kwamba ulivizoea kiasi cha kusahau kuwa vinabana. Nililala usingizi mzito usiku ule, na wifi yako nilipomwambia asubuhi alienda kukamua ng'ombe, akarudi akaniambia, "Basi tupande miti, kama tunakaa."

Sasa inabaki wewe, dada.

Najua kwamba upande wa kushoto wa kaburi la mama umeacha mahali. Najua unapalilia kila mwaka na kwamba hujaruhusu mtu apande hata kunde. Uliniambia siku ile ya msiba wa baba: "Hapa ni pako, uje ulale karibu nami, usije ukazikwa na watu wasiojua jina la ukoo wako." Nimekibeba kile kipande cha ardhi kichwani miaka yote hii, na kila nyumba niliyoijenga huku niliijenga kama mtu anayesubiri basi. Naomba usinikasirikie. Na kama utakasirika, kasirika wiki moja, kisha nenda pale, palime, panda mtama. Ukivuna, mpikie ugali wa kwanza yule mjane wa kaka yetu anayekusaidia kuchota maji, umwambie umetoka shambani kwangu.

Nisalimie yeye kwa heshima zote. Nisalimie binamu yetu anayechunga ng'ombe wako, mwambie ndama wa yule mwekundu asimuuze. Mpe pole mwalimu mstaafu jirani yako kwa meno yake, na mwambie kitabu alichoniazima bado ninacho na bado sijakubaliana nacho. Mjukuu wako anayesomea unesi akija likizo, mwambie babu yake amekula wadudu na presha haijapanda. Nimemkabidhi dereva anayeleta barua hii kifurushi kidogo. Mama Esta ndiye aliyekifunga, kwa ajili yako, baada ya kusikia kwamba nina dada mkubwa. Waloweke kwenye maji ya moto kwanza, kisha kaanga na kitunguu. Usiwaangalie sana.

Mungu akutunzie huo mguu utembee kwenye harusi. Chumba chako kipo, kina dirisha upande wa jua.

Ni mimi, mdogo wako uliyembeba mgongoni,

Mihayo, mkazi wa Msanzi.